Maji Ambayo Kambo Hakunywa Njiani

Kwanza naomba mnisamehe. Nilisoma mpaka mwaka wa sita tu wa shule ya msingi, na mwandiko wangu unalala upande kama majani yaliyopigwa na upepo. Herufi nyingine naziruka, nyingine naziandika mara mbili. Naandika polepole, mstari mmoja, halafu napumzisha mkono. Lakini jambo nililoliona mwaka jana wakati wa baridi, kwenye barabara ya Pweto, limenikaa kifuani, na mimi si mtu wa kusimulia kwa mdomo. Watu wakinitazama, maneno yanarudi tumboni. Kwenye karatasi hakuna anayenitazama.

Kambo ni mama yake mama yangu. Hapa Lubumbashi nyanya na babu wote tunawaita kambo. Tunakaa naye Kamalondo, katika nyumba aliyoachiwa na mumewe, ambaye alikuwa mfanyakazi wa reli. Mimi nimelala naye kitanda kimoja tangu utotoni, na sasa nina miaka ishirini. Najua pumzi yake kuliko ninavyojua pumzi yangu.

Kwa muda wa miaka miwili hivi dunia ya Kambo ilikuwa fupi. Kitanda, kiti cha mlangoni, kitanda. Watoto wake wanampenda, na kwa upendo huo walimkataza kila kitu. Akishika ufagio: "Mama, acha, utaanguka." Akitaka kwenda sokoni: "Mama, ikala pa kiti, tutakuletea." Akikaa tu, miguu inavimba. Ikivimba, wanamwambia akae zaidi. Munganga wa hospitali alimkuta na tansio, damu inasukuma kwa nguvu mno, akampa vidonge vya kumeza kila asubuhi. Kambo alivimeza, lakini aliendelea kupungua. Chakula alikigusa tu. Usiku nilimsikia akigeuka, na nilijua hana maumivu. Alikuwa hajachoka. Mtu asiyefanya kitu mchana, usingizi utamjia kwa njia gani?

Siku moja nilipokuwa nampaka mafuta miguuni aliniambia, "Mujukulu, minataka kuona mayi."

Nikainuka kumletea kikombe.

"Hapana ile ya kunywa. Ile yenye haina ng'ambo."

Alizaliwa kando ya Ziwa Mweru, karibu na Pweto, ambako ziwa linaishia. Alitolewa huko akiwa msichana aliyeolewa karibuni, juu ya lori la samaki, na hakurudi tena. Kwanza kulikuwa na watoto, halafu vita, halafu kumuuguza mumewe, halafu uzee. Mdogo wake wa mwisho bado anaishi huko.

Mama yangu aliposikia alishika kichwa. "Barabara itamuua," alisema. "Tukimupeleka, tutarudisha maiti." Hilo ndilo neno lililotawala nyumba yetu kwa wiki tatu: barabara itamuua. Kambo akajibu kila mara neno lile lile, bila hasira: "Na kiti kitaniua pia. Njo munichagulie."

Mwishowe tulikwenda kumuuliza munganga. Nilifikiri atakataa. Alimpima, akamtazama, akasema mzee anaweza kusafiri, ila mambo matatu yasisahaulike: ameze dawa yake kila asubuhi kama nyumbani, anywe maji njia nzima, na kila saa ashuke atembee kidogo, maana damu ya mzee aliyekaa muda mrefu inalala miguuni na inaweza kuganda. Mama akanigeukia. "Weye njo utamufuata. Umeyasikia?" Nikaitikia kwa kichwa kwamba nimeyasikia.

Sasa hapa ndipo sisi wenyewe, watu wa nyumbani, tulipokosea, na nadhani ni sisi tu tungeweza kukosea hivyo.

Mume wa mama mdogo, ninayemwita baba mdogo, ni mfanyabiashara. Wazazi wake walitoka Kasai. Ana jeep, na wakati wa baridi huenda Pweto kununua samaki wakavu. Mama mdogo alikuwa na mtoto mchanga, hangeweza kusafiri, lakini alisema kwa nini tumpandishe Kambo basi lenye kujaa watu na magunia wakati mume wake anakwenda na gari tupu? Wote wakafurahi. Nami nikafurahi.

Lakini Kambo ni mama mkwe wake. Kwa watu wake na kwa watu wetu pia, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawazungumzi moja kwa moja. Hiyo ni heshima. Ipo njia ya kuifungua. Mkwe huleta kitu, mtu wa katikati hupokea na kusema maneno, kisha wanakula na mdomo unafunguliwa. Baba mdogo alikuwa hajafanya hivyo. Mwaka huu alikuwa na safari, mwaka ule duka, miaka ikapita. Ni mtu mnene mwenye kicheko kikubwa, sokoni husikika kabla hajaonekana, lakini akimwona mama mkwe wake anakuwa kama mtoto anayengoja komunyo ya kwanza.

Mama mdogo alitafuta dawa ya jambo hilo. Alichukua kitenge cha bluu akakifunga ndani ya jeep, kati ya viti vya mbele na kiti cha nyuma, kama pazia. Kambo na mimi tukae nyuma, baba mdogo aendeshe mbele, hakuna atakayemwona mwenzake. Majirani walikuja kutazama wakasifu. Mzee mmoja akasema, "Hapo mumefanya kama bantu ba zamani." Kila mmoja alifikiria macho. Tumbo hakuna aliyelifikiria.

Tuliondoka asubuhi na mapema, baridi inauma masikio. Tulipoishika barabara ya Kasenga na nyumba za mji zikawa chache, nilifungua mfuko nikampa Kambo kidonge na chupa ya maji. Alikiweka mdomoni. Alilowesha midomo tu kwa maji, akanirudishia chupa, akageukia dirishani. Baada ya kitambo nikaona mkono wake unapita mdomoni, kisha vidole vinafunga fundo dogo kwenye pembe ya kitenge chake. Kidonge kilikuwa ndani ya lile fundo.

"Kambo," nilinong'ona, "dawa."

"Nyamaza. Ile dawa inakojolesha."

"Lakini munganga..."

"Munganga hana mukwe mu motokari."

Nami nikaelewa yote kwa mara moja, kama mtu anayeona shimo baada ya mguu kuingia. Akimeza dawa, atahitaji kushuka. Akinywa maji, atahitaji kushuka. Ili ashuke, lazima gari lisimame. Ili gari lisimame, lazima mtu amwambie mkwe wake kwamba mama mkwe anataka kwenda porini. Afadhali afe.

Mtu huyo wa kusema alikuwa mimi. Hakukuwa na mwingine. Nami nilikuwa nimekaa nyuma ya pazia la bluu, nikitazama maua yake, nikisema moyoni: kwenye kilima kile nitasema. Kilima kikapita. Kwenye mti ule mkubwa nitasema. Mti ukapita. Si kwamba baba mdogo ni mkali, hajawahi kunikemea. Ni mimi tu, koo langu limeumbwa hivyo. Shuleni mwalimu alikuwa akiniuliza, najua jibu, machozi yanatoka mahali pa jibu.

Baba mdogo alisimama mara moja kununua ndizi. Nikafikiri ndiyo nafasi. Lakini alisimama pale pale karibu na mlango akila, mgongo wake umeelekezwa kwetu kwa heshima, na Kambo hakushuka. Sasa najua kwamba yeye pia alikuwa akingoja. Baadaye aliniambia, "Ningemuulizaje? Ningesema: mama, haukojoi? Miye, mukwe?" Kwa hiyo alisimama muda mrefu kuliko inavyohitaji kula ndizi, akitumaini kwamba tutashuka wenyewe, nasi tulikaa muda mrefu tukitumaini kwamba ataondoka. Kisha akapanda, tukaenda.

Lakini nisiwadanganye kwamba saa zile zilikuwa mbaya zote. Kambo alitazama dirishani kama mtoto. Alitaja miti kwa majina ambayo sikuwahi kuyasikia. Aliona moshi wa makaa porini akasema, "Bado banachoma." Aliona kichuguu kikubwa kuliko nyumba akacheka. Nilitambua kwamba nimeishi na mtu huyu miaka ishirini bila kujua kuwa anafahamu majina ya miti. Mjini hakukuwa na aliyemwuliza.

Tulipopita Kasomeno lami iliisha na barabara ikageukia kaskazini. Upande wa kushoto ikatokea Kundelungu. Sijui niandike vipi. Ni mlima, lakini juu yake pamekatwa sawasawa, kama ukuta ambao mtu alianza kuujenga zamani sana na hakuona sababu ya kuacha. Tulikwenda, tukaenda, ukuta haukuisha. Nilimshika Kambo mkono nimwonyeshe.

Mkono ulikuwa mkavu na wa moto. Nikamtazama. Midomo ilikuwa imepasuka, na mate meupe yamekauka pembeni. Miguu yake ilikuwa imejaa ndani ya viatu kama mkate uliopita sufuria.

"Kambo, ona mlima."

Akanitazama muda mrefu, akaniita mama. Akaniuliza kama baba amekwisha kupanga nyavu.

Hapo niliogopa kwa namna ambayo sijawahi kuogopa. Nilifungua mdomo na sauti haikutoka. Nikajaribu tena. "Papa," nikasema, nayo ilikuwa sauti ya kifaranga, jeep ikaimeza. Basi mkono wangu ulifanya kile ambacho koo lilikataa. Nilishika lile pazia la bluu nikalivuta. Pini ziliruka, kitenge kikaanguka, na nikaona shingo nene ya baba mdogo na macho yake katika kioo, yameshtuka.

"Papa, simamisha! Kambo anakufa juu ya haya yetu!"

Sijawahi kusikia sauti yangu ikiwa kubwa hivyo. Ilikuwa kama ya mtu mwingine aliyekuwa amekaa ndani yangu akingoja.

Alikanyaga breki. Vumbi likatupita na kwenda mbele. Alishuka, akafungua mlango wa nyuma, akamtazama mama mkwe wake usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu amuoe mama mdogo. Kisha akarudi usukani akaendesha haraka mpaka kijiji kilichofuata, ambako alijua kuna kituo cha afya, na hapo akambeba Kambo mwenyewe, mikononi, mpaka ndani. Kambo aliinua kona ya kitenge akajifunika uso. Hata katika hali ile alikumbuka.

Muuguzi alikuwa mama wa makamo mwenye mikono mikubwa. Alimpima tansio, akapumzika kidogo, akampima tena, akafinya midomo. Alivuta ngozi ya mkono wa Kambo, ngozi ikabaki imesimama. Akanituma maji yaliyochemshwa, akayatia chumvi kidogo na sukari, akaanza kumnywesha kijiko kwa kijiko. Alipoona lile fundo kwenye kitenge akalifungua. Kidonge kikaanguka kwenye kiganja chake.

"Mama," alimuuliza, "hii njo namna ya kumeza dawa?"

Kambo alikuwa ameanza kurudi kidogo. Akasema taratibu, "Dereva ni mukwe yangu."

"Aa!" Muuguzi akapiga makofi. "Mukwe! Basi haya yako tutaiweka mu sanduku pamoja na weye, tuizike. Tangu asubuhi haukutoka inje?"

"Nitatokaje, na yeye eko pale?"

"Yeye hakojoi? Eko malaika?"

Nikasikia kitu kama kikohozi. Ilikuwa ni Kambo anacheka.

Muuguzi akatoka nje alikokuwa amesimama baba mdogo, kofia mkononi, na mimi niliyasikia yote dirishani. "Papa, ule mama ni mukwe wako? Juu ya nini unamubeba kama gunia ya samaki?"

"Mama munganga, miye niko na heshima."

"Heshima iko muzuri. Lakini figo hazijue heshima. Muzee akikosa mayi, damu inakuwa muzito, kichwa inapotea. Akiruka dawa, tansio inapanda. Akikaa saa saba bila kusimama, miguu ni ile umeona. Vyote vitatu siku moja! Ungefika Pweto na nini?"

Mtu yule ambaye kicheko chake kinajaza soko zima alikuwa analia, bila kujipangusa.

Mchana uleule walipiga simu Lubumbashi. Mama yangu alipaza sauti mpaka simu haikuhitajika: rudini, rudini sasa hivi, nilisema barabara itamuua. Na kwa kweli tulikuwa katikati, mbali na nyumbani na mbali na ziwa. Muuguzi alisema kurudi ni barabara na kwenda ni barabara, urefu haupishani sana. Apumzike kesho nzima. Maji yakirudi mwilini na tansio ikishuka, aende. Isiposhuka, atapelekwa hospitali. Sasa kila kitu kilikuwa kinategemea mwili wa mtu mmoja mdogo aliyelala juu ya kitanda cha chuma.

Siku ya pili niliitumia yote kwa kijiko na kikombe. Niliona jambo ambalo mpaka leo linanishangaza. Niliona maji yanarudi ndani ya mtu. Kwanza ulimi ulilainika. Halafu macho yakapata mwanga. Halafu ngozi ya mkono, niliyokuwa naivuta kila mara kama alivyonifundisha muuguzi, ikaanza kurudi mahali pake upesi. Kambo alishuka kwenda chooni mara tatu, na kila mara muuguzi alishangilia kama timu imefunga goli. "Mama munganga, nyamaza, bantu banasikia," Kambo akalalamika. "Basikie! Iko habari njema!" Nilikuwa nikifikiri kwamba mwili wa mzee ni kitu kinachoshuka tu, kama mshumaa. Hakuna aliyeniambia kwamba unaweza kupanda.

Alasiri baba mdogo alirudi kutoka kijijini na kuku mweupe na kitenge kipya. Hakuingia. Alisimama nje ya kizingiti, akageuka mgongo, akamwomba muuguzi awe mtu wa katikati.

"Mwambie mama," alisema, "nimekawia miaka mingi. Mwambie kosa ni yangu. Kuanzia leo nisikie sauti yake. Akisema simama, nitasimama. Akisema twende, tutaenda."

Muuguzi akageuka ndani kwa uzito wote wa kazi hiyo, ingawa Kambo alikuwa hatua tatu kutoka pale na alisikia kila neno. "Mama, mukwe wako anasema amekawia."

Kambo akamtazama kuku. Akamtazama tena, kuanzia kichwa mpaka miguu.

"Mwambie," alisema mwishowe, "kuku yake ni mukonda."

"Papa, anasema kuku ni mukonda."

"Mwambie mu kijiji kizima njo ile tu ilikuwa munene."

"Mwambie nimeipokea."

Muuguzi alipiga vigelegele, na wanawake waliokuwa nje na watoto wao migongoni, wasiojua hata ni kwa sababu gani, wakamwitikia. Tulimpika kuku. Kambo alikunywa mchuzi, akala na nyama ya kifua, baba mdogo amekaa kwenye kizingiti na sahani yake, bado nusu ya mgongo, lakini wakala chakula cha chungu kimoja. Asubuhi iliyofuata muuguzi alimpima. Akapima tena. Akasema, "Nendeni mukaone mayi yenu."

Pazia hatukulirudisha. Lakini msidhani kwamba mdomo hufunguka siku moja. Saa nzima ya kwanza hakuna aliyesema neno. Nikajiandaa kusema mimi. Mara baba mdogo akapunguza mwendo, akasimama, akasema kwa sauti kubwa akiitazama barabara, "Mashini imepata moto. Inapumzika dakika kumi." Akashuka, akaenda mbali, mbali kabisa, akaanza kuchunguza anga. Kambo na mimi tukashuka. Tulikwenda nyuma ya miti, kisha tukatembea huku na huku barabarani, mkono wake juu ya bega langu. Saa iliyofuata mashini ikapata moto tena. Na iliyofuata. Jeep ile ni nzima kabisa.

Ziwa lilikuja bila kutuonya. Barabara ilipanda kidogo, ikapinda, na upande wa kulia dunia ikawa haipo. Palikuwa na mwanga tu, mweupe chini na mweupe juu. Nilitafuta mahali ambapo maji yanaishia na anga inaanza, sikupaona. Mimi nimezaliwa mjini, maji ninayoyajua yana ukingo: ndoo, bomba, lile ziwa dogo la Karavia ambako watu hupiga picha za arusi. Nilitaka kusali na sikukumbuka sala hata moja.

Kambo alishusha kioo cha dirisha akatoa mkono nje, kiganja wazi, akauacha huko mpaka Pweto.

Tulikaa siku kumi na mbili. Mdogo wake, ambaye naye ni bibi kizee asiye na meno ya mbele, alitupokea akimtukana: "Umekuja kunionyesha mvi? Miye niko nazo pia!" Kisha wakashikana wakalia mpaka wakachoka. Kuanzia siku ya pili waliamka pamoja alfajiri na kutembea ufukweni kwenda kutazama mitumbwi inaleta samaki. Kambo, aliyekuwa akikatazwa kwenda sokoni Kamalondo! Siku ya kwanza walifika karibu tu. Kila siku walizidisha, hadi mwisho wakafika pale ambapo ziwa linajifinya na kutoka likiwa mto, na maji ambayo yalikuwa yamelala yanaanza ghafla kukimbia na kupiga kelele juu ya mawe. Nilisimama hapo katikati ya wazee wawili na sikuweza kuondoka. Kambo aliingia majini mpaka magotini. Alipotoka, miguu yake ilikuwa myembamba, nikaona mifupa ya vifundo ambayo nilikuwa sijaiona kwa muda mrefu.

Alilala usingizi mzito, akikoroma. Nililala macho wazi nikimsikiliza, kwa furaha.

Sisemi kwamba safari ni dawa ya kila kitu. Alikunywa maji ya ziwa bila kuyachemsha, akisema haya ndiyo yaliyomlea, hayawezi kumdhuru, na tumbo likamwendesha siku mbili, tukarudi kwenye kijiko na chumvi na sukari. Na samaki wakavu wenye chumvi, ambao muuguzi aliwakataza, nilimkuta akiwala nyuma ya nyumba na mdogo wake kama watoto wezi. Kidonge chake nilikisimamia mimi kila asubuhi, namwambia afungue mdomo nione. Alininung'unikia: "Ulikuwa unanyamaza. Nani alikuharibu?"

Wakati wa kurudi, jeep imejaa samaki na harufu yao, tulipofika chini ya Kundelungu nikasikia sauti nyuma yangu, kwa sababu safari hii mimi nilikaa mbele. Kambo alitaka kujinyoosha juu ya kiti kizima.

"Mukwe. Simamisha."

Baba mdogo akasimama mara moja. Nikashuka kumsindikiza porini. "Siendi pori," Kambo akasema. Akaegemea mlango, akautazama ule mlima, kutoka mwanzo wake mpaka mahali jicho linaposhindwa.

"Siku ile nilipita hapa," alisema, "na sikuona kitu."

Alitusimamisha mara nyingi njiani. Kwa kichuguu, kwa ndege, kwa mama anayeuza asali. Baba mdogo akalalamika, "Mama, leo mashini haichoki, weye njo unachoka?"

"Sichoke. Ninaangalia."

"Samaki itaoza!"

"Ulisema nikisema simama, utasimama. Kuku nilikula."

Kwenye kituo cha afya tuliacha samaki wa kutosha. Muuguzi alimpima, akasema tu "Mm," lakini ilikuwa "Mm" nzuri. Munganga wa Lubumbashi naye alimpima. Tansio haikwisha, alisema, wala haitaisha, na vidonge vitaendelea, ila iko chini kuliko alivyoiacha, na miguu ni mizuri. Akaniuliza tulifanya nini. Nikamweleza, kwa mdomo, kuanzia fundo la kitenge mpaka kuku. Nilitokwa jasho, lakini nilifika mwisho. Alisema kwamba hakuwahi kufikiria kuwauliza wazee nani atakayeendesha gari.

Sasa Kambo huenda misa kwa miguu yake, na mama yangu anamfuata nyuma akijifanya anapita tu. Wiki iliyopita Kambo alisikia kwamba kuna maporomoko ya maji Kiubo, ambako watu husafiri kwenda kutazama tu, bila ndugu huko, bila samaki, bila sababu nyingine. Aliuliza mara mbili: "Kutazama tu?" Kisha akasema anataka kwenda. Mama ameshika kichwa tena. Barabara ni ndefu, na safari hii baba mdogo hana biashara upande huo, kwa hiyo dereva atakuwa mgeni. Mimi nimekwisha kusema mbele ya wote kwamba nitamfuata na kwamba nitasema kila litakalohitaji kusemwa.

Lakini kuna mambo sijui. Kwenu, wazee wakisafiri, mnafanyaje? Nani husema "simama" kwa niaba yao? Mama mkwe akikaa na mkwe wake gari moja, mnafungua mdomo kwa kuku, kwa kitenge, au kuna njia fupi zaidi? Na kama mmewahi kumpeleka mzee Kiubo, je, kutoka mahali pa kuegesha gari mpaka penye maji kuna ngazi au mteremko, na kivuli kipo? Niandikieni, hata maneno machache, hata kwa kalamu ya risasi. Nasoma polepole kama ninavyoandika, lakini nitasoma yote, na nitamsomea Kambo kwa sauti.